Maandishi Mgongoni mwa Saa ya Hajji: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kampala

Majina ya wahusika, mtaa wao na chapa ya saa nimeviondoa, na familia imeridhia kisa chao kitumike kufundishia. Kazi yangu ni kupanga maandishi ya kuchongwa, kuanzia ngao za mashule hadi pete za ndoa, na hapa niliitwa kupanga maneno ya mgongoni mwa saa. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaokuja na saa ya thamani mkononi huuliza swali moja tu: nani ana mashine nzuri? Mashine ilikuwa jambo dogo kabisa katika kisa hiki.

Mzee, watoto na zawadi

Nitamwita Hajji. Ana duka la spea za malori katikati ya Kampala. Kabla ya duka aliendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala, akaoa Mombasa, na ndiyo maana nyumbani kwao Kiswahili ndicho lugha ya mezani ingawa Kiganda kimejaa barazani. Ana watoto wanne: kifungua mimba ni binti, ambaye wenzake humwita Dada Mkubwa; wa pili anafanya kazi Dubai; wa tatu yuko dukani na baba; kitinda mimba yuko chuoni.

Hajji aliposema amechoka na atamwachia wa tatu funguo za duka, watoto walikubaliana wafanye dua na chakula cha mchana nyumbani, na siku hiyo wampe saa. Si saa ya kawaida. Walichanga karibu dola 2,000 za Marekani, pesa ambayo kwa familia ile si mchezo, ili wampe saa ya Uswisi ya kimitambo, isiyotumia betri, yenye maneno yake mwenyewe mgongoni. Walikuwa na miezi miwili na ushei.

Kuchagua saa inayokubali kuandikwa

Picha ya kwanza iliyotoka Dubai ilikuwa ya saa ya dhahabu. Shangazi yao, dada yake Hajji, alijibu kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp: "Mwanangu, mwanamume havai dhahabu. Mnataka Hajji aifungie kabatini?" Hoja ikaishia hapo, wakarudi kwenye chuma cha pua.

Picha ya pili ilikuwa nzuri mno, nami nikaomba nitumiwe picha ya mgongo. Mgongo ulikuwa wa kioo. Saa nyingi za kimitambo za siku hizi zina dirisha nyuma ili mwenyewe aone magurudumu yakizunguka, na kinachobaki cha chuma ni pete nyembamba ambayo kiwanda kimekwisha kuijaza: jina, namba ya saa, kiwango cha kuhimili maji. Hapo huna pa kuandika chochote. Kaka wa Dubai akasema basi atafute Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ile iliyotoka 1931 kwa ajili ya wachezaji wa polo, ambayo kichwa chake hugeuzwa ili chuma kikae juu na kioo kijifiche. Mgongo wake mtupu umeandikwa majina ya watu kwa miongo mingi. Wazo zuri, lakini bei yake iliipita michango yao yote.

Walichochagua ni saa ya chuma, upana wa milimita 38, mgongo mzima bila dirisha, inayohimili maji hadi bari 5, yaani kipimo cha shinikizo. Hilo la maji nililisisitiza mimi. Hajji anatawadha mara tano kwa siku na ana mazoea ya kuisukuma saa juu ya mkono badala ya kuivua. Saa ya mtu kama huyo huonja maji kila siku ya Mungu.

Maneno yaliyokula mwezi mzima

Muuzaji wa Dubai alisema wanaweza kuchonga wenyewe kabla ya kuikabidhi saa, kazi ya wiki tatu, na dhamana ya kiwanda haitaguswa. Alihitaji kitu kimoja: maneno. Maneno hayakuwepo.

Andiko la kwanza lilikuwa sala nzima. Kila mtoto aliongeza shukrani yake, likafikia herufi zaidi ya tisini. Niliwachorea duara kwenye karatasi. Sehemu iliyo bapa mgongoni mwa saa ile ilikuwa duara la milimita 20. Herufi ya urefu wa milimita 2, ambayo mtu wa umri wa Hajji anaweza kuisoma bila kuhangaika, hula karibu milimita 1.7 ya upana pamoja na nafasi yake. Mstari unaopita katikati kabisa utachukua herufi kumi na moja. Ukipanda milimita 5 kutoka katikati, duara linabana na kubaki na milimita 17, yaani herufi kumi. Ukipanda milimita 8, una milimita 12 tu, herufi saba. Kwa hiyo mistari mitatu mifupi ndiyo yote waliyokuwa nayo. Kitinda mimba alipendekeza tupunguze herufi hadi zienee zote. Zingeenea, na zingesomwa kwa lenzi.

Kisha Bismillahi. Wa tatu aliitaka kwa herufi za Kiarabu, na moyo wake ulikuwa safi. Mama yao alikataa kwa upole: saa huingia na mtu msalani, na jina la Mwenyezi Mungu haliingizwi humo kwa makusudi. Wakakubaliana kwamba dua itasomwa siku ya shughuli na haitaandikwa kwenye chuma.

Jina nalo likaleta neno. Kwenye kitambulisho cha taifa jina la ukoo la Hajji linaanza na s mbili, kama Kiganda kinavyoandikwa. Kwenye bango la duka kuna s moja, kwa kuwa aliyelichora zamani hizo aliandika alivyosikia, na Hajji mwenyewe anatia saini kwa s moja. Watoto walikuwa wamegawanyika wawili kwa wawili. Niliwaambia wachukue tahajia anayoiandika yeye kwa mkono wake anapotia saini, kwa sababu zawadi hii haipelekwi benki. Dada Mkubwa alikwenda kuangalia risiti za dukani, akarudi na picha ya saini. S moja.

Lakini kilichowatesa hasa ni mwaka. Tarehe ya kuzaliwa hawakuitaka, kwani kama wazee wengi Hajji ana Januari mosi kwenye karatasi na hakuna anayeiamini. Walitaka mwaka aliofungua duka. Leseni ya biashara ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya 1987. Hajji husema siku zote kwamba alifungua "mwaka ule Museveni alipoingia," na Kampala ilitekwa Januari 1986. Kumwuliza moja kwa moja kungefichua siri.

Shangazi ndiye aliyeitatua, na napenda alivyoitatua. Aliuza naye dukani miezi ya mwanzo. Alikumbuka kwamba walikuwa wakihesabu noti za zamani kwa mafungu makubwa, hata mfuko haukutosha, na kwamba pesa ilipobadilishwa, duka lilikuwa limekwisha kupitia msimu mmoja wa mvua na akiba yao ikakatwa. Shilingi ya Uganda ilibadilishwa Mei 1987: shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Kama duka lilikuwa na akiba ya kukatwa Mei 1987 na msimu wa mvua ulikuwa umeshapita, lilifunguliwa 1986. Leseni ilikuja baadaye, kama leseni zinavyokuja.

Maneno yakawa haya: jina lake mstari wa juu, herufi tisa, katikati TANGU 1986, chini WANAO. Ni machache, na kila moja lilikuwa limepimwa. Kufikia hapo mwezi na zaidi ulikuwa umekwenda, na kaka wa Dubai alikuwa amepata likizo na tiketi. Wiki tatu za muuzaji hazikuwepo tena. Saa ilikuja mgongo mtupu, ikatangazwa forodha Entebbe pamoja na risiti yake.

Nani aichonge Kampala

Kitinda mimba hakutaka kusubiri. Aliichukua saa akaenda nayo Nasser Road, mtaa ambao kila mtu Kampala huenda kwa kadi, mihuri na ngao. Fundi wa pale alikuwa tayari kuifanya muda huo huo. Alitaka kuibana saa nzima kwenye jiliwa lenye mpira, uso chini, na kuikwaruza kwa ncha ya almasi kama anavyofanya vibao vya shaba.

Simwiti fundi yule mbaya. Kwa vibao ni hodari, na nimempelekea kazi. Lakini shaba ni laini. Chuma cha pua cha saa ni kigumu zaidi, na ncha ile huacha mkwaruzo wa juujuu ambao jasho na msuguano wa mkono vitaufuta pole pole. Na jiliwa likibana saa nzima, nguvu yake huangukia kioo na kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Kijana alimpigia dada yake kwanza, na dada akamwambia aondoke pale na saa ikiwa mfukoni.

Uamuzi waliofikia ni kutenganisha kazi mbili. Fundi saa mmoja mzee wa mjini afungue mgongo na abaki na saa. Mgongo peke yake, kipande cha chuma tu, uende kwenye karakana yenye mashine ya leza. Sababu ni rahisi: leza hufanya kazi kwa joto, na ndani ya saa kuna mafuta membamba na mpira wa kuzuia maji ambao haupendi joto. Tena kipande kikiharibika, kinaagizwa kingine, saa haiagizwi.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza katika kikao hicho ni hili: mgongo ukifunguliwa na fundi asiye wakala wa kiwanda, dhamana inabaki? Mimi nilishughulika na maneno, fundi na mgongo, na ndugu na siku ya shughuli iliyokuwa inakaribia. Kadi ya dhamana ilikuwa ndani ya boksi, na kila mtu alikuwa ameiona.

Siku ya kazi

Mgongo wa saa ile hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Hapo pana mtego ambao wengi hawaujui: mgongo wa namna hiyo husimama pale unapokaza, si pale unapotaka. Ukichonga maandishi bila kujua utasimamia wapi, utafungua zawadi na kukuta maneno yamelala upande. Migongo inayofungwa kwa skrubu ndogo pembeni haina tatizo hilo kwa kuwa ina mahali pamoja tu pa kukaa.

Fundi saa alilijua. Kabla ya kugusa kitu alibandika utepe nyuma na kuchora kwa kalamu mstari unaotazama namba 12. Akapiga picha namba ya saa, akawaandikia risiti yenye namba hiyo, ndipo akafungua, akaifunika mashine ya ndani kwa bakuli dogo la plastiki vumbi lisiingie.

Kwenye karakana ya leza nilidai jaribio kwenye kipande chakavu cha chuma cha pua kabla ya kugusa kile chenyewe. Kitinda mimba alikuwa amechagua mwandiko mwembamba wa kupendeza. Kipande kilipopoa tulikipeleka dirishani. TANGU ilisomeka vizuri, lakini kwenye 1986 shimo la chini la 8 na tumbo la 6 yalikuwa yamezibwa na chuma kilichoyeyuka, ukageuza kidogo ukasoma 1988. Baada ya yote aliyoyafanya Shangazi! Tukabadilisha mwandiko, tukachukua wa herufi za kusimama zenye matumbo wazi. Jaribio la pili lilikuwa safi.

Mwenye mashine aliuliza kama tunataka weusi au kina. Leza inaweza kuubadilisha uso wa chuma uwe mweusi bila kukichimba, na inapendeza sana siku ya kwanza. Kwa kitu kitakachosuguana na ngozi kila siku tulichagua kina, mashine ikapita mara nyingi juu ya herufi zile zile hadi ukucha ukazihisi. Mgongo ulikuwa na mbinuko kidogo pembeni, akalazimika kuisogeza leza upya kwa mstari wa juu na wa chini. Karibu dakika sitini za kazi kwa maneno matatu na namba moja.

Fundi saa alipoufunga mgongo aliweka mpira mpya wa kuzuia maji, na hapo ndipo maandishi yalipopinda. Mpira mpya haukukaa sawasawa na ule wa zamani. Mgongo ulikaza kabla ya kuufikia mstari wake wa kalamu. Maneno yalisimama yameinama kama upana wa dakika mbili kwenye uso wa saa. Kitinda mimba alitazama, akaomba: "Mzee, si uulegeze kidogo urudi nyuma uanze upya, au uukaze zaidi ufike?"

Fundi alikataa yote mawili. "Kijana, nikiulegeza maji yataingia. Nikiulazimisha nitaukata mpira. Baba yako atasoma maneno yakiwa yameinama. Saa yenye kutu ndani hataivaa."

Alipaswa kuipima kwa shinikizo baada ya kufunga, kuona kama inazuia maji. Hakuwa na mashine ya kupimia, na shughuli ilikuwa kesho yake.

Matokeo

Hajji aliigeuza saa kabla hata ya kuangalia uso wake, kwa sababu wajukuu walikuwa wamemwonyesha upande gani. Alisoma mwaka kwanza. Akamwita dada yake, akamwuliza ni nani aliyewaambia. Kuinama kwa maandishi hakukutaja, na hadi leo watoto hawana hakika kama amekuona.

Wiki mbili baadaye Dada Mkubwa aliipeleka kwa muuza saa mwenye mashine ya kupima shinikizo. Ilishika vizuri. Miezi kadhaa mbele, saa ilianza kukimbia, dakika kadhaa kwa siku. Kaka wa Dubai akasema irudishwe kiwandani, ina dhamana. Wakala alitazama alama za kifungulio mgongoni, akauliza imefunguliwa na nani, na dhamana ikaishia hapo. Kwa bahati njema tatizo lilikuwa dogo: saa ilikuwa imeshika sumaku, pengine kutoka kwenye spika ya redio ambapo Hajji huiweka usiku. Sumaku ikishika utepe ule mwembamba wa chuma unaopumua ndani ya saa, mizunguko yake hugandana na saa hukimbia. Fundi yule yule mzee aliiondoa sumaku kwa muda mfupi na kwa malipo madogo. Lakini ingekuwa tatizo kubwa, wangelipa kila kitu mfukoni, na dhamana ilikuwa bado mbichi.

Ninavyokisoma kisa hiki

Maneno yale ni mazuri kwa sababu yalitafutwa. Baba mdogo wao alilalamika kwamba kuchonga saa kunaiua bei, na kwa saa ya mtu wa kawaida yuko sahihi. Mnunuzi hataki jina la baba wa mwenzake. Saa ya Rolex Daytona ya Paul Newman, mwigizaji maarufu wa Marekani, ambayo mkewe Joanne Woodward aliiandika mgongoni akimwambia aendeshe gari kwa uangalifu, iliuzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, lakini hiyo ni habari ya Newman. Watoto wa Hajji hawakununua akiba ya benki. Kwao hoja ya bei haikuwa na uzito, na walifanya vizuri kuiacha ipite.

Kutenganisha saa na mgongo wake kuliiokoa saa. Jaribio kwenye chuma chakavu liliuokoa mwaka. Fundi kukataa kulegeza mgongo naona ndio uamuzi bora wa kisa chote, kwa sababu alisimama dhidi ya mteja aliyekuwa na haraka na pesa mkononi, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo pale.

Kilichokwama kilianza mapema zaidi ya wanavyodhani. Wao husema kosa lilikuwa kutouliza kuhusu dhamana. Mimi naona kosa ni mpangilio: walitafuta saa kwanza na maneno baadaye. Njia iliyokuwa na kila kitu, yaani mchongaji wa muuzaji, mgongo kufungwa na mtu mwenye vifaa, kipimo cha maji na dhamana isiyoguswa, ilikuwepo tangu wiki ya kwanza na ilihitaji wiki tatu. Mjadala wa jina na mwaka ungeweza kufanywa wote kabla ya kuingia dukani hata mara moja, kwa sababu haukuhitaji saa. Ulihitaji Shangazi, risiti ya zamani na duara la milimita 20 kwenye karatasi.

Wiki mbili za kutawadha na saa ambayo haijapimwa sizihesabu kuwa mafanikio, ingawa hakuna kilichotokea. Mpira mpya unaweza kukaa vibaya bila mtu kujua hadi ukungu uonekane chini ya kioo. Ingekuwa afadhali Hajji aambiwe siku ile ile avue saa wakati wa udhu mpaka ipimwe. Angecheka, lakini angeivua.

Kuhusu kuinama: saa ya kimitambo hufunguliwa kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na mpira hubadilishwa tena. Nimewaandikia karatasi ikae kwenye boksi pamoja na kadi ya dhamana: nani aliufungua mgongo na lini, picha ya maandishi yakiwa yameinama, na ombi kwa fundi ajaye kwamba, akiwa na mipira zaidi ya mmoja inayoingia sawasawa, ajaribu ule utakaouleta mstari wa katikati usawa wa namba 12, bila kulegeza wala kulazimisha.